Binti Zetu wa Nairobi na Ndimi Zetu

Usiku wa Ijumaa iliyopita, tulipokwisha kusoma darsa yetu, alisimama bwana mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, akauliza: "Sheikh, yafaa mtu kumposea kijana wake mwanamke aliyekaa Nairobi peke yake miaka mitano?" Baadhi ya waliohudhuria wakacheka. Yeye hakucheka, nasi hatukucheka, kwani tulifahamu kwamba hakuuliza kwa mzaha. Posa imekwisha pelekwa, ndugu zake wamemtia maneno, naye ataka kauli yetu ama imtulize moyo ama imfungulie mlango wa kutokea.

Tulimjibu kwa ufupi kwamba yafaa, bila ya shaka yoyote, maadamu mwanamke huyo ni Mwislamu, hana mume wala hayumo edani. Lakini tuliona nyusoni mwa watu kwamba jibu lile halikuwaingia. Ndipo tukaahidi kulieleza jambo hili kwa urefu katika karatasi yetu, kwa sababu ugonjwa huu si wa bwana yule peke yake, ni wetu sote watu wa miji ya pwani.

Hapana nyumba leo, tangu Lamu mpaka Vanga, isiyokuwa na binti aliyesoma. Akimaliza masomo yake hutafuta kazi, na kazi nyingi ziko Nairobi. Hupanda gari la moshi jipya, lililoanza mwaka 2017, na kabla mchana haujakwisha amefika. Akifika hutafuta chumba upande wa mashariki wa mji, ambao wenyeji huuita Eastlands, kwa kuwa huko kodi ni nafuu kuliko upande wa magharibi. Wako wanaopanga Pumwani na Eastleigh, karibu na misikiti na nyama ya halali, na wako wanaopanga Buruburu, Umoja au Donholm kwa kadiri ya mshahara. Mwisho wa mwezi ukifika, simu ya baba hulia. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 hata haja ya kumngojea mtu anayesafiri haiko. Pesa hufika kabla ya adhana ya alasiri. Kwa pesa zile hulipwa ada ya mdogo wake, hutengenezwa paa linalovuja, hununuliwa dawa za sukari za bibi.

Basi baba huyu huyu, akisha kuzipokea, hutoka akaenda barazani akakaa na wenziwe. Na barazani panasemwa nini juu ya binti za Nairobi?

Husemwa kwamba mwanamke anayerudi nyumbani saa tatu za usiku hatoki kazini. Asemaye hivyo hajapata kusimama Jogoo Road jioni akaona magari yalivyojifunga, mtu aliyetoka kazini saa kumi na moja akawa bado yumo njiani baada ya isha. Husemwa kwamba akiwa na gari, basi gari lile amenunuliwa. Akivaa buibui, ajifunika kwa yale ayafanyayo. Asipolivaa, yamekwisha dhihiri. Akikataa posa ya kwanza, ana wake huko. Akiikubali upesi, ana jambo alifichalo. Akifika miaka thelathini bila ya mume huulizwa kasoro yake ni ipi, na akiolewa kisha akaachwa, basi kasoro ile imeonekana. Na mwanamke aliyenunua kiwanja kwa jina lake, huyo ndiye hasemeki kabisa. Twauliza: katika hukumu zote hizi, iko njia moja aliyoachiwa apite akasalimika? Sisi tumeitafuta hatukuiona.

Tulimwuliza bwana yule mwenye suali: "Na huyo kijana wako, akaa wapi?" Akajibu: "Nairobi, mtaa wa Umoja, huu ni mwaka wa nane." Tukasema: "Akaa na nani?" Akanyamaza, kisha akasema: "Peke yake, Sheikh." Hapana hata mtu mmoja katika jamaa za binti aliyetumwa kwenda kuuliza kijana huyo hurudi saa ngapi. Hali Qur'ani, katika aya ya pili ya Suratun-Nur, imewataja mzinifu mwanamke na mzinifu mwanamume pamoja, na ikawapa adhabu moja. Mizani ile ya barazani, yenye jiwe zito kwa binti na jiwe jepesi kwa kijana, hatukuikuta katika kitabu chochote cha fiqhi tulichosomeshwa.

Huenda msomaji akasema kwamba jina baya la Nairobi halikuzuka bure. Ni kweli, lina asili yake, na yafaa tuijue ili tusiyaseme tusiyoyajua.

Nairobi ilianza mwaka 1899 reli ilipofika hapo. Serikali ya Kiingereza iliufanya ni mji wa Wazungu, na Mwafrika alitakiwa aje peke yake, atumike, kisha arudi kwao. Nyumba alizojengewa zilikuwa za vitanda, hazikuwa za mke na watoto. Mwanamke hakuingizwa katika hesabu ile. Wanawake waliokwenda, nao ni wale waliokimbia ndoa za dhiki, wajane walionyimwa mashamba, na wasichana waliotoka penye njaa, walifika katika mji usiokuwa na kazi kwa ajili yao. Wakapika vyakula wakauza, wakatengeneza pombe, wakapangisha vyumba, na wako waliouza miili yao. Hatulifichi jambo hili, kwani limekwisha andikwa. Bibi Janet Bujra alilichungua huko Pumwani katika miaka ya 1970, na Mmarekani Luise White, aliyezungumza na wazee wa kike wa mitaa ile, akalitolea kitabu kizima mwaka 1990.

Lakini mabibi hawa wawili wameandika na jambo la pili, ambalo sisi hatulitaji. Wanawake wale waliweka akiba, wakajenga nyumba kwa majina yao wenyewe, kwanza katika kijiji cha Pangani cha Nairobi, kisha Pumwani, mtaa ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Pangani ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wake wengi walihamishiwa Pumwani na Shauri Moyo, na wanawake wengi wakapoteza nyumba walizozitolea jasho. Wengi wao walisilimu. Walikuwa wametupwa na jamaa zao, na Uislamu ukawapa jamaa wapya: watu wa kuwazika, watu wa kuwasomea, watu wa kukaa nao siku ya Idi. Katika Majengo ile ya Pumwani (hatusemi Majengo yetu ya Mombasa) wamezaliwa kwao watoto na wajukuu, wakatoka humo mafundi, waalimu na maimamu. Pale pale Pumwani, tangu mwaka 1926, ipo hospitali ya wazazi, ambayo wakunga wake huingia zamu za usiku kuzalisha wake za watu hali watu wamelala.

Na hata hivyo jina likabaki ni lile lile. Mwanamke akitajwa kuwa ni wa Majengo, mkunga na mjane na mwanachuo hugeuka kitu kimoja mdomoni mwa msemaji. Lililofanywa na baadhi, karibu miaka mia iliyopita, kwa dhiki waliyotiliwa na serikali isiyowataka, limegeuzwa kuwa nasaba ya kila mwanamke apangaye chumba upande ule wa mji.

Tena tuulize, na wale waliotenda kisha wakatubu, hukumu yao ni ipi? Yule mwanamke wa kabila la Ghamid aliyemjia Mtume (s.a.w.) akakiri kosa lake, Khalid bin Walid alipomtukana, Mtume alimkataza, akaisifu toba yake, akaamrisha aswaliwe na azikwe. Khalid alikuwa ni Khalid, na ulimi wake ulizuiwa. Sisi ni nani?

Sasa natuje kwenye hukumu yenyewe. Katika aya ya nne ya Suratun-Nur, Mwenyezi Mungu ameweka kwamba mwenye kumsingizia zina mwanamke aliyejihifadhi, kisha asilete mashahidi 4, hupigwa mijeledi 80, ushahidi wake haukubaliwi, na huhesabiwa katika mafasiki. Tafadhali izingatieni hesabu hii. Anayezini bila ya kupata kuoa adhabu yake ni mijeledi 100. Anayesema tu, akashindwa kuthubutisha, ni 80. Tofauti baina ya kitendo na neno ni mijeledi 20. Na mashahidi wenyewe si wa "nimesikia" wala "nimemwona akishuka garini". Hutakiwa wawe 4, walioona kwa macho yao tendo lenyewe. Watatu wakiona na wa nne akasita, hupigwa wao.

Iko hila ambayo watu wa baraza waipenda, nayo ni kusema kwa mafumbo. Mtu hasemi, "Fulani ni mzinifu." Husema, "Mimi simo, lakini Nairobi ni Nairobi," na wenziwe wakatikisa vichwa. Tukiwakataza hujibu kwamba hawakutaja kitu. Kweli, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, fumbo la namna hii haliwajibishi hadi ya kusingizia zina. Imamu Malik ndiye aliyeliwajibishia. Lakini asifurahi mtu. Kuondoka kwa hadi hakuondoi dhambi, na hakimu aweza kumtia adabu mwenye mafumbo yenye kuudhi. Kadhalika asijidanganye mtu kwamba Mahakama za Kadhi za Kenya hazina mamlaka ila katika mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu. Mjeledi haupo, lakini kuandikwa kupo.

Na hapana mfano ulio wazi kuliko kisa cha Bibi Aisha (r.a.). Watu waliona nini siku ile? Walimwona mwanamke kijana aliyeachwa nyuma na msafara, kwa kuwa alikwenda kutafuta kidani chake, kisha akafika amechelewa, amepanda ngamia anayeongozwa na mwanamume asiyekuwa maharimu yake, naye ni Safwan bin Muattal (r.a.). Hayo ndiyo yaliyoonekana, na yote yalikuwa kweli. Uongo uliingia pale watu walipotia maana yao katika kuchelewa kule. Wanafiki wakaanza, na Waislamu watatu wa kweli wakachukuliwa na maneno: Hassan bin Thabit, Mistah, na Hamna binti Jahsh. Mji wa Mtume mzima ukawa katika dhiki kwa muda wa mwezi, mpaka zikateremka aya za kumtakasa. Nasi twaona kwa macho yetu kila siku binti aliyechelewa, aliyeletwa mpaka mlangoni na dereva wa teksi, na kisa kikaanza upya kana kwamba aya zile hazijateremka.

Mtume (s.a.w.) alimwuliza Zainab binti Jahsh habari za Aisha. Zainab alikuwa mke mwenza, tena ndiye aliyekuwa akishindana na Aisha kwa cheo mbele ya Mtume, na Hamna aliyekuwa akiyaeneza maneno ni nduguye wa damu. Kama angalitaka kunyamaza, nani angalimlaumu? Hakunyamaza, wala hakusema kwa mafumbo. Alisema kwamba anayahifadhi masikio yake na macho yake, na kwamba hajui kwa Aisha ila kheri. Bibi huyu Zainab ndiye aliyekuwa akifanya kazi kwa mikono yake, akatengeneza ngozi na kushona, akatoa sadaka kwa pato lake. Kwa hivyo anayetuambia kwamba mwanamke mwenye chumo lake hana haya, huyo amekosa kusoma habari za mama zake.

Na kwa kuwa tumetaja chumo, natuongeze neno. Yuko aliyetwambia kwamba mke mwenye mshahara hamtii mume, na kwa hivyo yafaa aache kazi au amkabidhi mume mshahara. La. Mali ya mke ni yake, aya ya 32 ya Suratun-Nisaa imethibitisha fungu la wanawake katika walichokichuma. Mke wa Abdullahi bin Masud alikuwa na kazi ya mikono, na mumewe alikuwa mtu wa mali chache. Akauliza kama kumpa mumewe na mayatima waliomo nyumbani kwahesabiwa sadaka, Mtume akajibu kwamba ana ujira mara mbili, wa udugu na wa sadaka. Ingekuwa mshahara ule ni haki ya mume, isingeitwa sadaka. Jambo hili lataka darsa yake mbali.

Kuna hoja moja yenye nguvu, nasi hatuiruki. Wako watakaosema: "Mtume amekataza mwanamke kusafiri bila ya maharimu, na binti hawa wamesafiri." Hadithi ni sahihi, na maulamaa wamekhitalifiana katika mipaka yake, wako walioruhusu safari ya faradhi kama hija akiwa pamoja na wanawake waaminifu, na katika safari zisizokuwa za faradhi wengi wamekaza. Mzazi anayetaka kuchukua kauli ya kukaza, na achukue, ampeleke bintiye yeye mwenyewe au amtume nduguye, amtafutie nyumba yenye wanawake wenziwe. Tena khalwa na mwanamume asiyekuwa maharimu ni haramu Nairobi na Mombasa pia, wala hatuihalalishi. Lakini fahamuni: aliyekosea katika safari, kosa lake ni safari. Halikuwi zina kwa sababu sisi tumeona hivyo. Na mzazi aliyempakia bintiye garini kwa mkono wake, akala mshahara wake miaka mitano, kisha akaitaja hadithi hii siku ya posa tu, hadithi ile yamsimamia yeye kabla ya kumsimamia bintiye.

Ulimi ukizoea, mkono huufuata. Mwezi wa Novemba mwaka 2014 kundi la wanaume lilimzunguka mwanamke mmoja katika kituo cha matatu katikati ya Nairobi, likamvua nguo hadharani, wakidai kwamba mavazi yake hayakuwa ya heshima na kwamba wamtia adabu. Picha zake zikatembea katika simu. Tarehe 17 ya mwezi ule wanawake wa Nairobi wakaandamana, na mwezi uliofuata ikapitishwa sheria inayompa anayemvua mtu nguo kifungo kisichopungua miaka 10. Tulisikia hapa kwetu waliosema, "Alijitakia." Wameona haramu ya nguo fupi wasione haramu ya kumfunua mtu utupu mbele ya umati. Kukataza mabaya ni faradhi yenye adabu zake, na ya kwanza katika adabu hizo ni kutokuliondoa baya kwa baya lililo kubwa zaidi.

Sasa tutasema lililo zito kwetu kulisema. Mwaka juzi alitujia mzee mwingine, si katika darsa, bali faraghani baada ya magharibi, na suali hili hili. Kijana wake alikuwa amemposa binti wa mtaa wa pili, muuguzi katika hospitali moja ya Eastlands. Mzee alikuwa ameambiwa kwamba binti yule huonekana akitoka nyumbani usiku. Sisi twamjua baba yake marehemu, na binti mwenyewe tulimsomesha juzuu mbele yetu akiwa mdogo. Tulijua kwamba wauguzi wana zamu. Tungaliweza kusema kama alivyosema Bibi Zainab. Badala yake tulisema, "Allahu aalam," tukajiona tumejitoa katika fitina.

Posa ikavunjwa. Baada ya siku chache tukasikia kwamba Sheikh ameulizwa, na Sheikh amekataa. Neno letu la kujitoa lilikuwa limegeuka kuwa shahidi, na mashahidi wengine watatu hakuna aliyewauliza.

Imamu Shafi amesema kwamba toba ya msingiziaji ni kujikadhibisha mwenyewe kwa yale aliyoyasema. Sisi hatukusingizia kwa kutamka, lakini tuliona toba ile yatuhusu. Tulikwenda kwa mzee yule tukamweleza kwamba tulikuwa twajua kheri ya binti tukanyamaza, na tukalisema vile vile katika darsa mbele ya watu. Mzee alituomba radhi, ila kijana wake alikuwa amekwisha kuoa kwengine. Kisha tukaenda kwa mama wa binti. Alitupokea vizuri, akatuletea kahawa, akatusikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Ahsante, Sheikh. Lile la kwanza lilifika mtaani kwa siku moja. Hili la leo sijui litachukua siku ngapi, nami nina mwengine nyuma yake, naye yuko Buruburu." Hatukuwa na jibu la kumpa.

Bwana wa Ijumaa iliyopita ametuletea habari kwamba posa yake ingalipo, na ataka kujua amwulize nani juu ya tabia ya binti. Tumemwambia awaulize wanawake wanaokaa naye nyumba moja na imamu wa msikiti wa mtaa wake, na awaambie jamaa wa binti kwamba na wao waende Umoja wakaulize.

Darsa ijayo, inshaallah, itakuwa juu ya eda ya mke kizuka, na haki yake ya kukaa katika nyumba aliyofiwa.